Umri, Saa na Mipaka Yake: Jinsi Taarifa Zenu Zinavyogeuka Kuwa Jedwali

Katika mikutano ya ulinzi shirikishi, mara baada ya ofisa kusoma takwimu, husimama mzee au mama mmoja na kuuliza: "Hesabu hizi mnazipata vipi? Mimi nilileta taarifa yangu kituoni. Nitajuaje kwamba nimo humo?" Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu lenye kueleweka. Tumeandika makala haya kwa ajili ya wakaazi wa Nateete, wenyeviti wa LC, viongozi wa vituo vya boda boda, wafanyabiashara wa sokoni na kila mtu anayefikisha taarifa polisi, tupate kueleza hatua moja ya kazi hiyo ambayo haionekani na umma. Ni hatua ya kuzigawa namba katika makundi yenye majina.

Mtu anapoleta taarifa, tukio huandikwa katika daftari la kituo na kupewa nambari ya kumbukumbu, ile ambayo wengi wetu huiita nambari ya SD. Tangu hapo kila tukio lina namba zake: umri wa aliyedhurika, saa ya tukio, thamani ya mali iliyopotea. Namba hizo zikiachwa kama zilivyo hazimsaidii mtu kuamua jambo. Mkutano ukisomewa kwamba walioibiwa walikuwa na miaka 6, 11, 12, 13, 14, 17 na kuendelea, hautapata picha yoyote. Namba zikikusanywa katika makundi kama "watoto chini ya miaka 12" au "usiku wa manane", hapo ndipo watu huanza kuona hatari iko wapi, na doria ielekezwe wapi.

Lakini kila kundi lina mpaka, na mpaka ukiwekwa vibaya, mtu hupotea. Hilo ndilo jambo tunalotaka lieleweke.

Mipaka mingine imewekwa na sheria

Tuanze na umri, kwa kuwa hapo hatuna uhuru wa kuchora mstari popote tunapotaka. Nchini Uganda mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Watoto inasema kwamba umri wa chini wa kuwajibika kwa kosa la jinai ni miaka 12. Mwenye miaka 11 aliyekutwa na kitu cha wizi hawezi kushtakiwa. Anahitaji mzazi, ofisa wa ustawi wa jamii na malezi. Mwenye miaka 12 hadi 17 anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya familia na watoto, lakini sheria inakataza kumzuia mahali pamoja na watu wazima. Mwenye miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria.

Kwa upande wa watoto waliodhurika kuna mpaka mwingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 2007, kosa la kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 14 huhesabiwa kuwa zito zaidi kuliko lile la kumnajisi mwenye miaka 14 hadi 17. Siku moja tu ya kalenda hulihamisha shauri kutoka kundi moja hadi jingine.

Kwa hiyo mtu anapotwambia, "Makundi ya umri ni mambo ya makarani," tunamjibu kwamba sivyo. Ripoti ya mwaka ya uhalifu inayotolewa na Jeshi la Polisi la Uganda huwatenganisha waliodhurika kuwa watu wazima na watoto, wanaume na wanawake. Nyuma ya kila safu ya namna hiyo pana mtu aliyewekwa upande mmoja wa mstari.

Ulizo moja kwa kanzidata

Zamani kazi hii ilifanywa kwa kalamu na rula: karani alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akachora vijiti vitanovitano chini ya kila kundi. Mahali ambapo matukio yameingizwa katika kompyuta hukaa katika kanzidata, yaani hazina ya taarifa iliyopangwa katika majedwali yenye mistari na safu. Kanzidata huulizwa kwa lugha maalumu iitwayo SQL. Misingi yake iliwekwa na makala ya mwaka 1970 ya Edgar Codd wa kampuni ya IBM, na lugha yenyewe ikabuniwa na wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce kabla ya kukubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986. Ni lugha fupi, na mtu asiye mtaalamu anaweza kuifuata akielezwa.

Tuchukue daftari la mfano, ambalo tumelibuni kwa ajili ya somo hili tu. Lina matukio 12. Umri wa waliodhurika ni huu: 6, 11, 12, 13, 14, 17, 17, 18, 24, 30, 45, na tukio moja ambalo umri wake haukuandikwa. Ulizo letu ni hili:

SELECT
  CASE
    WHEN umri IS NULL THEN 'Umri haujulikani'
    WHEN umri < 12 THEN 'Chini ya miaka 12'
    WHEN umri < 18 THEN 'Miaka 12 hadi 17'
    ELSE 'Miaka 18 na zaidi'
  END AS rika,
  COUNT(*) AS idadi
FROM matukio
GROUP BY rika;

Tulisome kwa Kiswahili. Neno CASE humwambia karani wa kompyuta: "Uangalie kila mstari, uupe jina." WHEN ni "iwapo", THEN ni "basi uite hivi", ELSE ni "kila kilichobaki", na END hufunga maelekezo. COUNT huhesabu mistari, na GROUP BY huiweka pamoja mistari yenye jina moja. Baadhi ya mifumo ya kanzidata haikubali kutumia jina fupi "rika" katika mstari wa mwisho. Hapo maelekezo yote ya CASE hurudiwa mahali hapo, na maana haibadiliki.

Jibu la daftari letu ni hili:

Chini ya miaka 12: 2
Miaka 12 hadi 17: 5
Miaka 18 na zaidi: 4
Umri haujulikani: 1
Jumla: 12

Jumla ni 12, na matukio yalikuwa 12. Hakuna aliyeachwa, na hakuna aliyehesabiwa mara mbili.

Makosa manne yanayompoteza mtu

Sasa tutazame jinsi daftari hilohilo linavyoweza kutoa jibu la uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Kompyuta haitalalamika, itatoa jedwali safi kabisa.

Kosa la kwanza ni mpaka wenye pengo. Mwandishi wa ulizo anaandika kwamba mtoto ni mwenye umri chini ya 18 na mtu mzima ni mwenye umri zaidi ya 18. Sentensi hizo zinasikika vizuri mdomoni, lakini kijana aliyetimiza miaka 18 kamili hana nyumba. Si mtoto, si mtu mzima, na jedwali halimtaji.

Kosa la pili ni mpaka unaopandana. Makundi yanaandikwa "12 hadi 18" na "18 hadi 30". Mwenye miaka 18 anafaa kote kuwili. CASE husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye sharti la kwanza linalotimia, hivyo huwekwa katika kundi la juu, na mtu mzima huhesabiwa miongoni mwa watoto. Neno BETWEEN, ambalo wengi hulitumia kwa ajili ya vipindi, hujumuisha ncha zote mbili. Anayelisahau hilo huangukia hapa. Desturi iliyo salama ni kusema "kuanzia 12, na kabla ya 18", kisha "kuanzia 18, na kabla ya 30". Kila kundi lianzie pale lilipoishia lililotangulia.

Kosa la tatu ni mpangilio. Ikiwa sharti la "chini ya 18" litaandikwa kabla ya sharti la "chini ya 12", watoto wote saba wa mfano wetu, wakiwamo wa miaka 6 na 11, watanaswa na sharti la kwanza. Sharti la pili halitamfikia hata mmoja. Kundi la watoto wadogo halitatokea kwenye jedwali, na mkutano utaondoka ukiamini kwamba hakuna mtoto mdogo aliyedhurika.

Kosa la nne ndilo baya kuliko yote. Tuondoe mstari wa kwanza wa ulizo, ule wa umri usiojulikana. Kompyuta haiwezi kusema kama umri usioandikwa ni chini ya 12 au chini ya 18. Huruka masharti hayo na kufika kwenye ELSE. Hapo mtu yule huitwa "Miaka 18 na zaidi". Watu wazima wanakuwa watano badala ya wanne. Huenda ni mtoto aliyeokotwa akiwa hawezi kueleza amezaliwa lini, lakini kwenye jedwali amekwisha kuwa mtu mzima. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba "haujulikani" ni kundi kamili lenye haki ya mstari wake. Jedwali lisilo na mstari huo lapaswa kuulizwa wasiojulikana wamekwenda wapi.

Umri wa mviringo na tarehe ya kuzaliwa

Hata ulizo likiwa sahihi, namba yenyewe inaweza kuwa na upungufu. Wanaofanya sensa wanalijua jambo hili kote duniani: mtu asiyekumbuka mwaka wake wa kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Mwenye 28 husema 30, na mwenye 43 husema 45. Kundi likianzia miaka 30, mpaka wake umewekwa palepale watu wanapojazana, na wengi huvuka kwa sababu ya mazoea ya kusema tu.

Dawa yake ni kuandika tarehe ya kuzaliwa. Umri hukua kila mwaka, bali tarehe haibadiliki. Kanzidata ikiwa na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya tukio, yenyewe huhesabu umri wa mtu siku ile jambo lilipotokea. Kijana aliyekuwa na miaka 17 siku ya tukio huenda akawa na 18 siku taarifa inapochapwa. Akihesabiwa kwa umri wa leo, amehamishwa kundi. Kwa hiyo tunawaomba wazazi, mnapokuja na mtoto, mje na cheti chake cha kuzaliwa ikiwa mnacho, au kadi ya chanjo, au hati ya shule. Asiye na hati yoyote asizuiliwe na hilo kutoa taarifa. Mtoto kwanza, karatasi baadaye.

Saa mbili ya nani?

Jambo la pili linalogawanywa kwa makundi ni saa, na hapa lugha zetu zenyewe huleta mtego. Nateete iko kwenye Barabara ya Masaka, katika Divisheni ya Rubaga. Magari na watu hupita alfajiri wakielekea mjini na usiku wakirudi. Mtu anapokuja kusema kwamba aliporwa simu "saa mbili", Mswahili na Mganda wote wawili huhesabu saa kuanzia macheo au machweo. Saa mbili asubuhi kwenye saa ya kompyuta ni 8, na saa mbili usiku ni 20. Ofisa mwenye haraka akiandika 2 kama alivyosikia, kompyuta itaelewa saa nane za usiku. Tukio moja laweza kuangukia katika makundi matatu tofauti, na doria ikapelekwa saa ambayo hakuna aliyeporwa.

Tuseme siku imegawanywa hivi: alfajiri, kuanzia saa kumi hadi kabla ya saa moja, mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi kabla ya saa kumi na mbili jioni, usiku wa mapema, kuanzia hapo hadi kabla ya saa nne, na usiku wa manane, kuanzia saa nne hadi kabla ya saa kumi. Kwa hesabu ya kompyuta, usiku wa manane huanzia 22 na kuishia kabla ya 4. Anayeandika "saa iwe 22 au zaidi, na pia iwe chini ya 4" hatapata tukio hata moja, maana hakuna namba iliyo kubwa kuliko 21 na papo hapo ndogo kuliko 4. Kundi linalovuka saa sita za usiku huandikwa kwa "au":

WHEN saa >= 22 OR saa < 4 THEN 'Usiku wa manane'

Neno moja tu, OR badala ya AND, ndilo linalotofautisha jedwali lisemalo ukweli na jedwali lisemalo kwamba usiku ni salama.

Tena vipindi hivyo havilingani urefu. Mchana wetu una saa 11, alfajiri ina saa 3. Katika mfano, kukiwa na matukio 22 mchana na 9 alfajiri, mtu wa haraka atasema mchana ndio wenye hatari. Tukigawanya kwa saa, mchana una matukio 2 kwa kila saa, alfajiri ina 3. Aendaye kupanda teksi kabla ya jua kuchomoza ana sababu ya kujua hilo.

Kundi lililo tupu nalo ni habari

Ulizo la namna tuliyoonyesha huhesabu kilichopo. Ikiwa mwezi huu hakuna mtoto chini ya miaka 12 aliyedhurika, kundi hilo halitaandikwa sifuri, halitatokea kabisa. Msomaji hawezi kujua kama ni habari njema au ni mstari uliosahauliwa. Kwa sababu hiyo wataalamu hupendelea kuweka mipaka katika jedwali lake lenyewe, lenye jina la kundi, namba ya kuanzia na namba ya kuishia kabla yake, kisha kuliunganisha na matukio:

SELECT r.jina, COUNT(m.namba) AS idadi
FROM rika r
LEFT JOIN matukio m
  ON m.umri >= r.kuanzia AND m.umri < r.kabla_ya
GROUP BY r.jina, r.kuanzia
ORDER BY r.kuanzia;

Kwa njia hii kila kundi hutokea, lenye watu na lisilo nao. Mstari wa mwisho huyapanga makundi kwa namba yake ya kuanzia. Bila huo, kompyuta yaweza kuyapanga kwa herufi na kuiweka "Miaka 10 hadi 14" mbele ya "Miaka 5 hadi 9", kwa kuwa 1 hutangulia 5. Na Bunge likibadilisha umri fulani kesho, hurekebishwa jedwali la mipaka tu badala ya kusahihisha kila ulizo. Hata hivyo, wasio na umri hawataingia katika muungano huu. Lazima wahesabiwe kando na kuongezwa kwenye jumla.

Kundi dogo mno laweza kumfichua mtu

Kuna tahadhari moja ya mwisho, na tunaiona kuwa ya heshima kabla ya kuwa ya kitaalamu. Kadiri makundi yanavyokuwa membamba, ndivyo jedwali linavyosema mengi. Lakini likisomwa mbele ya kijiji kimoja kwamba alikuwapo msichana mmoja wa miaka 12 hadi 13 aliyenajisiwa mwezi fulani, majirani watamtambua hata bila jina. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zishikwe kwa uangalifu. Pale idadi ni ndogo, makundi huunganishwa, au eneo hupanuliwa kutoka kijiji hadi parokia, au kipindi kutoka mwezi hadi mwaka. Mkisikia takwimu zetu ni za jumla kuliko mlivyotarajia, huenda ndiyo sababu.

Mnachoweza kufanya

Nateete inajua thamani ya kumbukumbu. Septemba 2009 kituo cha polisi cha hapa kiliteketezwa kwa moto wakati wa ghasia, na kikajengwa upya. Jengo hujengwa kwa matofali. Imani hujengwa kwa taarifa sahihi zinazotoka pande zote mbili. Kwa upande wenu tunaomba mambo haya:

Mnapoleta taarifa, tajeni tarehe ya kuzaliwa mnapoijua, na mseme wazi pale mnapokisia.

Semeni saa pamoja na sehemu ya siku: saa mbili usiku, saa kumi alfajiri. Kisha mhakikishe ofisa ameandika hivyo.

Ombeni nambari ya SD na muitunze.

Na takwimu zinaposomwa mkutanoni, msione haya kuuliza maswali manne: Je, jumla ya makundi yote ni sawa na jumla ya matukio? Aliye mpakani kabisa, kama mwenye miaka 18, amewekwa upande gani? Wasiojulikana ni wangapi? Vipindi vinalingana urefu?

Ofisa aliyetayarisha jedwali vizuri atajibu yote manne kwa dakika moja. Akishindwa, arudi kwenye ulizo lake kabla doria haijapangwa. Yule mama aliyeuliza kama yumo katika hesabu atakuwa ametusaidia sote, kwa maana hesabu isiyomwona mtu mmoja mpakani haiwezi kumlinda.